Kukunja kona Tabora bila kubahatisha: jinsi ya kusoma vibao na kujua nani apite kwanza kwenye njia panda

Kuna njia panda moja huku Isevya ambayo kibao chake cha kusimama kilikuwa ndani ya mwembe. Nguzo ya chuma ulikuwa unaiona ikitoka ardhini, lakini kuanzia usawa wa kifua kwenda juu ni majani matupu. Nilipita hapo na bajaji kwa miezi mitatu nikiamini barabara ni yangu. Siku moja ya Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, alitokea mzee wa baiskeli upande wa kulia akiwa amepakia magunia mawili ya mkaa. Nikakanyaga breki, bajaji ikaserereka kwenye utelezi, tairi la mbele likasimama kama shubiri tatu tu kutoka kwenye gunia.

Mzee hakugombana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanyoosha mkono kwenye majani. "Mwanangu, humo ndani kuna kibao."

Nikashuka nikasogeza tawi. Kweli kilikuwemo, chekundu, cha pembe nane, na buibui amejenga juu yake.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyoifikia njia panda, na vijana wanaoanza kazi kijiweni kwetu nawafundisha hivyo hivyo. Ninayoandika hapa yanamfaa dereva wa gari, bajaji, bodaboda, hata wa baiskeli. Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: nafasi ya kupita kwanza huichukui mwenyewe, unapewa na mwenzako anayekungoja. Kama hajasimama, bado hujapewa, hata kibao kiwe upande wako.

Anza na hili: nani anamzidi nani

Mkanganyiko mwingi unakuja kwa sababu pale njia panda kuna sauti nyingi kwa wakati mmoja. Taa inasema hivi, kibao kinasema vile, na trafiki amesimama katikati anapunga mkono. Mpangilio wake hauna utata. Trafiki yuko juu ya vyote. Akikuita upite wakati taa ni nyekundu, unapita. Akikuonesha kiganja wakati taa ni ya kijani, unasimama. Asipokuwepo, taa ndiyo inayoamua. Taa isipokuwepo au ikiwa imezima, unafuata kibao na michoro ya chini. Vyote visipokuwepo ndipo unaingia kwenye kanuni za jumla, ambazo nitazieleza.

Taa zikizima kwa sababu umeme umekatika, usipite ukidhani uko huru. Ichukulie njia panda nzima kama ina kibao cha kusimama kila upande.

Soma umbo kabla ya maandishi

Rangi hupauka kwa jua, maandishi huchubuka, vumbi la Julai na Agosti hufunika picha. Umbo halipotei. Ndiyo maana vibao viwili muhimu kuliko vyote njia panda vilipewa maumbo ya peke yake.

Pembe nane ni kusimama. Hapa watu wengi hukosea kwa kupunguza tu mwendo na kuchungulia. Kusimama maana yake magurudumu yote yametulia kabisa, nyuma ya mstari mnene usiokatika uliochorwa kukata barabara. Hata kama hakuna gari, unasimama, unatazama, ndipo unaondoka.

Pembetatu iliyogeuzwa, ncha chini, ni toa njia. Hapa si lazima usimame kama barabara unayoingia iko tupu, lakini lazima uwe kwenye mwendo unaokuwezesha kusimama. Mstari wake wa chini umekatikakatika. Kwa hiyo kibao kikiwa kimeng'olewa, mstari wenyewe unakusemea: uliokamilika ni simama, uliokatika ni toa njia.

Pembetatu ya kawaida, ncha juu, yenye ukingo mwekundu, inakutahadharisha tu. Ukiona ndani yake umbo la msalaba au la herufi T, mbele kuna njia panda. Angalia unene wa mistari: ikiwa mmoja ni mnene kuliko mwingine, ule mnene ndio barabara kuu.

Sasa vibao vya duara, ambavyo ndivyo vinavyowachanganya wanafunzi wangu kuliko vyote. Duara lenye ukingo mwekundu na mstari uliokata mshale linakataza: mshale umepinda kulia na umekatwa, basi usikunje kulia. Duara la bluu lenye mshale mweupe ni kinyume chake, linaamuru: mshale unaelekea kushoto, basi ni lazima uende kushoto, huna uchaguzi mwingine. Nimewaona watu wakitafsiri bluu kama "unaruhusiwa ukitaka". Hapana. Bluu ni amri kama nyekundu ilivyo amri, tofauti yake ni kwamba moja inasema usifanye na nyingine inasema fanya. Na ule mshale mweupe unaoshuka kwa mshazari kuelekea chini kushoto haukuambii ukunje kona. Unakuambia upite upande wa kushoto wa kizuizi kilicho mbele yako.

Kuna ujanja mmoja ambao haufundishwi sana. Maumbo haya mawili, pembe nane na pembetatu iliyogeuzwa, unaweza kuyatambua hata ukiwa nyuma ya kibao. Ukikaribia njia panda, tupa jicho kwenye barabara inayokatiza. Ukiona mgongo wa bati lenye pembe nane, ujue wa upande ule ndiye aliyeambiwa asimame. Usipoona mgongo wowote pale, wala kibao upande wako, shuku. Huenda kibao chako ndicho kilicho ndani ya mwembe.

Njia panda isiyo na kitu

Mitaani kwetu, kuanzia Ng'ambo, Chemchem hadi Ipuli, makutano mengi hayana kibao wala mstari. Vumbi linakutana na vumbi. Hapa fanya hivi.

Ukiwa nguzo mbili za umeme kabla ya kufika, ondoa mguu kwenye mafuta. Ukifika nguzo ya mwisho, uwe kwenye mwendo ambao mtu akitokea ghafla unasimama bila kuserereka. Kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha maeneo ya makazi, inakupeleka karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushangaa umeshavuka njia panda yote. Kwa kilomita 20 sekunde hiyo hiyo inakupeleka mita tano na nusu.

Anayetoka barabara ya vumbi kuingia lami amngoje wa lami. Anayetoka kwenye mguu wa T amngoje anayepita moja kwa moja. Barabara zikiwa sawa kabisa na mmefika pamoja, mwachie aliye kuliani kwako, na hata yeye mtazame usoni kwanza. Kama hamjatazamana, hamjaelewana. Taa za gari zinaweza kuwa na maana tatu tofauti, lakini mtu aliyepunguza mwendo na kukutazama maana yake ni moja.

Kona nyingi zina kivuli kizuri cha mwembe, na penye kivuli pana kijiwe cha bodaboda, na pikipiki sita zilizopangwa pembeni zinatosha kumficha mtoto anayevuka. Ninyi wenzangu wa kijiweni, sogezeni pikipiki zenu hatua kumi kutoka kwenye pembe. Kivuli mtakikosa kidogo, lakini dereva ataona.

Kukunja kushoto

Huku ndiko kwepesi, kwa kuwa tunaendesha kushoto. Washa indiketa, sogea karibu na ukingo, punguza, kunja kwa kuufuata ukingo huo. Kosa la kawaida ni kutanua kulia kwanza kana kwamba unaendesha lori. Wa nyuma yako atadhani unakwenda kulia na atajipenyeza kushoto kwako, ukifunga kona unambana.

Kabla ya kukunja tazama kioo cha kushoto, halafu geuza kichwa kabisa. Tabora ni mji wa baiskeli, na baiskeli hazina injini ya kusikika. Mpishe pia anayevuka kwa miguu kwenye barabara unayoingia. Na ukiwa na bodaboda usijichomeke kushoto mwa lori au basi linalokunja kushoto. Magurudumu yake ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, yanakata ndani, na nafasi uliyoiona inajifunga ukiwa tayari umeingia.

Taa ikiwa nyekundu, ni nyekundu hata kwa anayekwenda kushoto.

Kukunja kulia

Hapa ndipo ajali zinapotokea, kwa hiyo nenda nami taratibu.

1. Amua mapema. Ukiwa umechelewa kuamua, pitiliza na utafute pa kugeuzia mbele. Usirudi nyuma kwenye njia panda.

2. Kioo cha kati, kioo cha kulia, kisha indiketa ya kulia, angalau nguzo moja ya umeme kabla ya kona.

3. Sogea hadi karibu na mstari wa kati, bila kuuvuka. Kwenye barabara isiyo na mstari, uchore kichwani. Ukibaki pembeni kushoto ukiwa umewasha kulia, wa nyuma atakupita kuliani wakati ule ule unapokunja.

4. Ingia hadi karibu na katikati ya makutano, simama hapo ukiwangoja wanaokuja mbele yako. Wao wanapita kwanza, wawe wanakwenda moja kwa moja au wanakunja kushoto kuingia barabara ile ile unayoitaka wewe.

5. Unapongoja, acha magurudumu ya mbele yanyooke. Hili nalisisitiza kila siku. Dereva mwenye haraka huyageuza kulia kabisa ili aondoke upesi. Akigongwa nyuma, hata kidogo tu, gari linasukumwa kuelekea magurudumu yalikoelekea, yaani usoni mwa lori linalokuja. Yakiwa yamenyooka, unasukumwa mbele kwenye upande wako.

6. Nafasi ikipatikana, tazama barabara unayoingia kama kuna mtu anayevuka. Ndipo ukunje, ukiipita katikati ya makutano kwanza. Usikate kona kwa ndani, utakutana uso kwa uso na aliyesimama kusubiri kutoka.

Wawili mnaokabiliana mkitaka wote kukunja kulia, msiende kwa kukisia. Mara nyingi ni rahisi kila mmoja apite mbele ya mwenzake, lakini ukiwa nyuma ya gari kubwa huoni linachokificha. Sogea kidogo kidogo, na usiondoke kwa sababu wa mbele yako ameondoka. Nafasi aliyopewa yeye hukupewa wewe.

Indiketa zenye maana mbili, na hazadi

Hili halimo kwenye vibao, lakini ndilo linaloumiza watu kwenye barabara za Nzega na Itigi.

Madereva wa malori wana lugha yao. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto, mara nyingi linakuambia mbele kweupe, pita. Likiwasha ya kulia, linakuambia usipite, kuna gari linakuja. Usiku, anayekuja kukutana nawe akiwasha kulia anaweza kuwa anakuonesha upana wake tu. Lugha hii ina nia njema na imesaidia wengi, lakini karibu na njia panda inaua. Lori lililowasha kushoto linaweza kuwa linakupa ruhusa, na linaweza kuwa linakunja kuingia kijijini. La kulia hivyo hivyo: unalipita kwa sababu linakwenda polepole, kumbe linakunja kulia, na wewe uko pale pale ubavuni.

Kanuni yangu: nikiona dalili yoyote ya makutano mbele, kibao cha pembetatu, kituo cha basi, kibao cha shule, kundi la bodaboda, indiketa ya lori naisoma kwa maana moja tu ya kukunja kona. Na hapo sipiti gari lolote.

Hazadi nayo ni tabia iliyoenea. Mtu anakwenda moja kwa moja kwenye njia panda, anawasha taa zote nne kuwajulisha watu kwamba hakunji. Mfikirie aliye kushoto kwako. Pua ya gari lako inaonekana kwake kwa taa moja tu, kwa sababu ya pili imezibwa na ukuta, pikipiki au gari jingine. Anachoona ni indiketa ya kushoto inayowaka. Anaamini unakunja kuingia kwake, anatoka. Anayekwenda moja kwa moja hawashi chochote. Hazadi ni za gari lililoharibika au lililosimama mahali pa hatari.

Kipilefti

Mzunguko tunauita kipilefti kutokana na vile vibao vya kuamuru kushoto, ambavyo Kiingereza chake, "keep left", kilikuwa rahisi kwa ulimi wetu. Jina lenyewe linafundisha nusu ya kazi: unaingia kwa kushoto na kuzunguka kama mshale wa saa. Nusu ya pili ni kwamba aliye ndani tayari, ambaye kwako anatokea kulia, ndiye wa kwanza. Unamngoja.

Ukitoka njia ya kwanza, washa kushoto tangu unaingia. Ukienda moja kwa moja, ingia bila indiketa, kisha washa kushoto ukishaipita njia iliyo kabla ya yako. Ukienda kulia au kugeuza kurudi ulikotoka, ingia umewasha kulia, zunguka, kisha geuza iwe kushoto ukishaipita njia iliyo kabla ya yako. Ile indiketa ya mwisho ya kushoto ndiyo inayosahaulika, na ndiyo anayoingoja aliyesimama.

Reli

Tabora yenyewe ni njia panda ya reli. Reli ya Kati ilifika hapa 1912 ikaendelea hadi Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Tuna hata kata inayoitwa Tambukareli. Jina hilo ni kumbukumbu kwamba mji huu kila siku unavuka reli.

Kibao chake ni mbao mbili zilizokingamana kama alama ya kuzidisha. Pasipo geti, geti ni wewe. Simama mita kadhaa kabla, zima redio, shusha kioo, tazama pande zote mbili, tazama tena upande wa kwanza. Weka gia ndogo na usiibadilishe ukiwa juu ya reli. Usianze kuvuka kabla nafasi ya gari lako lote haijapatikana ng'ambo. Kusimama juu ya reli kwa sababu ya foleni ya bajaji mbele ni kosa lisilo na marekebisho. Treni ya mizigo iliyoshika kasi inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama, na haiwezi kukukwepa. Gari likizima juu ya reli, teremsha watu kwanza na uwapeleke mbali. Gari baadaye.

Kwenye maeneo ya ujenzi wa reli mpya ya SGR, fuata michepuko ya siku hiyo hata kama unaijua barabara kwa miaka ishirini. Mchepuko wa Jumatatu unaweza kuwa umehamishwa Ijumaa.

Mgeni anayepita

Ukifika Tabora kwa gari, kichwani uwe na majina manne: Nzega kwa kwenda Shinyanga na Mwanza, Itigi kwa kwenda Manyoni na Dodoma, Sikonge kwa kwenda Mpanda, Urambo kwa kwenda Kaliua na Kigoma. Kibao kikiandika mji wa karibu badala ya mji uendao, hutapotea.

Ukiuliza njia, simama pembeni kabisa kwanza. Na uliza kwa kuonesha mkono, kwa sababu anayekuelekeza huenda ametazamana nawe na kulia kwake ni kushoto kwako. Mzee akikuambia "mkono wa kuume", anamaanisha kulia.

Kibao kikiwa kimefichwa, kimepinda au hakipo

Kama umekamatwa kwa kibao ambacho hakikuonekana, usibishane barabarani. Piga picha ukiwa pale pale dereva anapokaa, eleza kwa heshima. Mwaka 2021 faini ya gari ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa; ya bodaboda na bajaji ilishushwa mwaka huo hadi 10,000. Ukikubali kosa unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi. Usipokubali, una haki ya shauri lako kusikilizwa mahakamani, na hapo picha ndiyo itakayokusemea.

Kisha toa taarifa, maana atakayekuja baada yako hana picha. Barabara kuu za Nzega, Itigi, Sikonge na Urambo ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi 2017. Usipojua ipi ni ya nani, pitia kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji. Peleka barua fupi na picha mbili, moja ya mbali ulivyokiona ukiwa unaendesha, nyingine ya karibu. Andika jina la mtaa, kitu kinachojulikana kilicho jirani, na umekuwa ukitoka wapi kwenda wapi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na uitunze. Usikinyooshe kibao mwenyewe wala kukihamisha.

Tawi la mti wa mtu ni jambo jingine, hilo linamalizwa na majirani. Ule mwembe wa Isevya ni wa mama mmoja ambaye nyumba yake iko pembeni pale. Tulikwenda vijana watatu na yule mzee wa mkaa. Akatusikiliza, akatutazamisha juu: tawi lilikuwa limejaa embe changa. Akasema tukate hilo moja tu, na embe tumpelekee jikoni atengeneze achari. Tulikata saa kumi jioni, na sasa kibao unakiona ukiwa nguzo mbili kabla. Majani hurudi na mvua, kwa hiyo nimeweka kumbusho kwenye simu kila mwanzo wa Novemba, nipite pale na panga baada ya kumwamkia mwenye mti.